Jinsi ya Kufuga Raba za All Star Garissa

Raba za All Star ukizinunua bado hujamaliza kazi. Zinafugwa. Nimewafundisha vijana mpira wa kikapu katika mji huu miaka kadhaa, na nimeona wengi wakitoa pesa nzuri kwa jozi safi, halafu mwezi wa pili haujaisha soli imeachama kama mdomo wa mamba wa Tana. Kiatu hakina kosa. Kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya mbao, ndani ya jumba lenye paa, katika nchi ya theluji. Wewe umekileta kwenye mchanga mwekundu, miiba ya mathenge, na jua linalofanya mbuzi wagombanie kivuli cha nguzo ya stima. Mgeni wa namna hiyo anahitaji mwenyeji anayejua shida zake.

Basi kabla hujaenda kwenye mitumba, pita kwanza Soko Ng'ombe. Simama kando ya mzee anayenunua ngamia, utazame tu. Rangi haimshughulishi. Atafungua mdomo aone meno, atabonyeza nundu, atainua mguu akague wayo, kisha atataka mnyama atembezwe. Dalali anaweza kuongea mpaka koo likauke, mzee bado yuko miguuni.

Hivyo ndivyo utakavyonunua raba. Legeza gidamu zote, vuta ulimi mbele, uingize mkono mpaka puani. Papasa mahali kidole gumba cha mwenye kiatu wa kwanza kilipokuwa kikilala: kama kuna shimo, hilo shimo sasa ni lako. Papasa bitana ya kisigino, kwa sababu ikichanika itakutafuna nyama kabla ya mechi ya kwanza kwisha. Geuza uone soli. Ikiwa imelika upande mmoja, mwenyewe alikuwa akitembea kwa kuegemea upande huo, na kiatu kitakufundisha mwendo wake. Mwisho kikunje pale vidole vinapokunjika, uingize ukucha kati ya turubai na ule ukanda mweupe wa mpira. All Star huanza kufia hapo. Ukucha ukipita, rudisha.

"Warya, hiyo ni ya Marekani kabisa, haijaguswa," kijana mmoja aliniambia, akinipungia jozi nyeusi.

"Walaal, haijaguswa na kisigino kimelika?"

Akaitazama soli, akacheka. "Basi huyo Mmarekani alikuwa mtu wa safari." Akapunguza shilingi mia mbili.

Najua wadogo zangu wataniuliza habari za Jordan. Ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 1985, ina soli ya mpira iliyoshonwa, na ukiipata nzima ichukue. Lakini nyingi zilizofuata zina povu la polyurethane katikati ya soli, na povu hilo huliwa na unyevu polepole hata kama kiatu kimekaa ndani ya boksi. Raba ya mtumba imekaa miaka kabatini, ikakaa kwenye kontena, ikapata hewa ya bahari pale Mombasa, ikabanwa ndani ya belo. Unaivaa siku ya kwanza, unaruka mara mbili, na soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Nimeona mchezaji akirudi nyumbani pekupeku, ameshika pande za juu za viatu mkononi, na hakuna aliyekuwa na la kumwambia. All Star ni turubai na mpira, vikapikwa pamoja kwenye tanuri mpaka vikashikana. Ni ufundi wa kizamani, na kwa hali yetu ndio unaotufaa.

Kiatu hiki kina ukoo wake, na anayekifuga aujue. Marquis Mills Converse alifungua kampuni yake mwaka 1908 huko Malden, jimbo la Massachusetts, akiuza viatu vya mpira vya kujikinga na theluji na matope. Biashara ya msimu ina njaa zake, na kiwanda kikataka kitu cha kuuza mwaka mzima. Mwaka 1917 ikatoka All Star, kiatu cha mpira wa kikapu. Miaka minne baadaye akaajiriwa mchezaji kutoka Indiana aliyeitwa Chuck Taylor. Huyu alizunguka Marekani kwa gari mji baada ya mji, akilala kwenye nyumba za wageni, buti limejaa viatu. Akifika anafundisha vijana mpira bila malipo, akimaliza anapita kwa wenye maduka kuchukua oda. Katika miaka ya 1930 jina lake likawekwa kwenye nembo ya nyota, pale kwenye kifundo cha mguu, na lipo mpaka leo. Usiku ambao Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 peke yake katika mechi moja, tarehe 2 Machi 1962, alikuwa amevaa hizo hizo.

Mtu wa Garissa akisikia habari za mchuuzi anayelala na mali yake hahitaji kuelezwa zaidi. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, wafanyabiashara waliokimbia Somalia walipanga vyumba katika nyumba moja ya wageni huko Eastleigh, Nairobi. Mchana bidhaa ziko juu ya kitanda zinauzwa, usiku zinasogezwa mtu apate pa kulala. Nyumba ile iliitwa Garissa Lodge, na kutoka vyumba vile ndipo yalipochipuka maduka makubwa ya Eastleigh tunayoyajua. Viatu vingi vinavyofika kwetu bado vinatoka upande huo, au Gikomba, vikipandishwa basi pamoja na magunia, kilomita mia tatu na zaidi kupitia Mwingi. Mimi namwona Chuck Taylor kama ndugu wa watu wale, na kila nikifunga gidamu namkumbuka yeye pamoja nao.

Tena usidhani mchezo huu ni wa juzi kwa watu wa huku. Mwaka 1981 Mogadishu iliandaa mashindano ya mataifa ya Afrika ya mpira wa kikapu, na Somalia ikachukua nafasi ya tatu. Kwa hiyo mzee aliyekaa kando ya kiwanja na bakora yake, awe mjini au katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, huenda anaujua mchezo kuliko wewe unayeruka. Msalimie kwanza. Akisema unapiga chenga kwa mkono mmoja tu, msikilize.

Sasa kipimo. Pima mguu jioni, maana kwa joto letu mguu wa asubuhi na wa jioni ni miguu miwili tofauti. Weka kisigino ukutani, kanyaga kipande cha katoni, chora alama mbele ya kidole kirefu, pima kwa rula, ongeza sentimita moja. Ndani ya ulimi wa raba utakuta namba za Marekani, za Uingereza na za Ulaya, na kila moja ina hadithi yake. Tafuta sentimita, hizo hazidanganyi. All Star huwa kubwa kidogo kuliko namba yake, kwa hiyo anayevaa 8 kwenye viatu vingine mara nyingi atakaa vizuri ndani ya saba na nusu. Tatizo letu ni upana. Mguu uliokulia kwenye ndara umetanua vidole kwa raha zake, na All Star ni nyembamba. Usikimbilie namba kubwa zaidi ili upate upana. Legeza gidamu za vitundu vya chini, kaza vya juu, uivae nyumbani siku chache. Turubai itakubali. Pua ya mpira haitakubali kamwe, kwa hiyo kama kidole kidogo kinagusa mpira, achana nayo.

Hapa naomba wazazi wanisikie. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, mtoto anakua kuliko mshahara," akamnunulia binti yake raba zilizozidi namba mbili, mbele zimejazwa matambara. Namwelewa kabisa. Lakini mguu unaoteleza ndani ya kiatu hutegua kifundo, na binti yule alikaa nje wiki tatu. Afadhali mtumba wa bei ya chini unaomkaa sawa, mwakani ukatafuta mwingine. Na mabinti waje kiwanjani na hijabu zao. Shirikisho la dunia, FIBA, liliruhusu kufunika kichwa katika mechi zake mwaka 2017, baada ya wachezaji kupigania jambo hilo muda mrefu. Mapema zaidi, katikati ya miaka ya 2000, wabunifu wa Nike, kampuni iliyoinunua Converse mwaka 2003, walikaa na wasichana wa Dadaab wakabuni nao sare za michezo zinazositiri. Kilichobaki ni viatu na kiwanja, na hivyo viko mikononi mwetu watu wazima.

Sasa kuvaa. Raba ndefu ina vitundu saba au vinane kila upande. Mtu anayeswali mara tano kwa siku, na kutawadha, akisema atashinda nayo mguuni, atakuwa mtu wa kufunga na kufungua kamba, na rakaa zitampita. Tena mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa viatu ni mia mbili, na ndara hubadilishana wenyewe bila nia mbaya. All Star usiipeleke huko. Tembea na ndara, raba ikae begani imefungwa gidamu kwa gidamu, uivae kiwanjani baada ya Alasiri, uivue kabla ya Magharibi. Kwa saa hizo mbili kuna kivuli kidogo, saruji imepoa, na kiatu kinafanya kazi iliyokileta duniani. Kiatu kinachofanya kazi saa mbili kwa siku kitaishi mara tatu ya kile kinachokwenda sokoni, kwa shangazi na kwenye boda.

Kabla ya kuanza mchezo, futa soli kwa kitambaa chenye maji. Vumbi letu ni laini, na juu ya saruji linateleza kama mtama uliomwagika. Futa tena mapumzikoni. Kwa kuwa soli ya All Star ni bapa na haina mto wa maana, tia soli ya ndani ya ziada, hata ya kukatwa kwenye godoro la sponji nyembamba. Magoti yako yana miaka arobaini ya kazi mbele yake.

Kisha mathenge. Mti huu uliletwa ili kuzuia jangwa, ukaamua kubaki na kila kitu. Watu wa Baringo waliwahi kwenda mahakamani kwa ajili yake, wakaja na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Mwiba wake unatoboa tairi, seuze raba. Kila ukitoka kiwanjani keti, geuza viatu, pitisha kidole gumba juu ya soli polepole kuanzia kisigino. Ukigusa kichwa cha mwiba usiuvute kwa kucha, utakatika. Ncha iliyobaki ndani husafiri, kila hatua inaisogeza juu kidogo, na wiki ya tatu unaikuta kwenye unyayo. Tumia koleo, vuta kwa kufuata mlalo ulioingilia, kisha ziba tundu kwa gundi.

Kuosha ni mara moja kwa wiki mbili, si zaidi. Kung'uta mchanga kwanza, maana mchanga uliolowa ni msasa. Toa gidamu, ziloweke peke yake. Sabuni ya kipande, maji ya mto yaliyotulia au ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi yataacha ramani nyeupe kwenye turubai nyeusi. Kwa pua na ukanda wa mpira tumia mswaki wa mti ambao ncha yake imeshachambuka na meno hauyawezi tena: nyuzi zake hufika penye mshono kuliko brashi yoyote ya dukani. Dawa ya kung'arisha nguo iache, turubai nyeupe itageuka manjano. Suuza mpaka povu liishe kabisa, viringisha raba kwa karatasi ya chooni, uzianike kivulini penye upepo.

Nasema kivulini. Niliwahi kuweka jozi yangu juu ya bati saa nane mchana, kwa haraka ya mechi. Alasiri nilipozishusha ukanda mweupe ulikuwa umejikunja kama ganda la ndizi, na turubai imeachana na soli upande mzima wa kushoto.

Zilipona kwa fundi. Fundi wetu wa viatu anakaa chini ya mwarobaini, na mgonjwa akimfikia hasemi neno. Alikamua gundi, akapaka kwa kidole, akabana kwa kamba ya mpira wa baiskeli, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake akachukua msharasi, akatoboa ukanda na turubai kwa pamoja, akapitisha uzi wa nailoni, tundu baada ya tundu, kuzunguka kiatu chote. Alipofika kwenye pua alipunguza mwendo, akawa analowesha uzi mdomoni, kwa sababu pale mpira ni mnene na msharasi ukiteleza unaingia kwenye paja. Tangu siku hiyo kila jozi ninayonunua hupita kwake kwanza kushonwa, kabla haijaona kiwanja. Wafugaji huchanja mifugo kabla ya ugonjwa kufika.

Na siku raba itakapokufa, usiitupe jalalani. Mpelekee yeye. Ataichinja vizuri: soli atakata visigino vya viatu vya watoto, turubai atatia viraka, gidamu atampa mtu anayehitaji, na nembo ya nyota ataibandika pale alipobandika nyingine, kwenye ubao wa kisanduku chake. Nilipohesabu mara ya mwisho zilikuwa kumi na moja, mbili kati yake zangu.