Chombo Kisicho na Rafadha

Ami yangu mpenzi,

Nakuarifu, wewe na jamaa wote wa Pangani, kwamba sisi huku Christchurch, Nyuzilandi, tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye akili haijanitulia tangu juma lililopita nilipoonyeshwa boti kuukuu ya jeti, imekalia trela lake uani kwa bwana mmoja mstahiki, bei yake dola 14,000; na Mama Zuhura, aliyekwisha kuyasoma macho yangu, ameniapisha nisitoe hata senti moja ya arbuni mpaka jawabu lako liwasili.

Najua utauliza kwanza rafadha yake ikoje. Haina, Ami, wala haina usukani wa kukata maji. Bwana William Hamilton, mfugaji wa kondoo wa Irishman Creek katika kisiwa hiki cha kusini, alitaka kupanda mito ya kwao, nayo hushuka kutoka milima ya theluji ikajigawa vijito chungu nzima juu ya changarawe, maji mahali pengine hayafiki goti; basi mwaka 1954 akaunda chombo kinachofyonza maji kwa tundu la chini, kikayasukuma kwa pampu na kuyatema tezini, hata kikachupa mbele kama pweza aliyeshtuliwa. Ukitaka kupinda, wageuza mdomo wa kutemea. Ukitaka kurudi nyuma, wateremsha kitu mfano wa ndoo, maji yakaelekezwa omo. Mwaka 1960 vyombo vya namna hii viliupanda mto Colorado, kule Marekani, kupitia bonde la Grand Canyon, kinyume cha maji.

Nikaikagua kama ulivyonifundisha: nikagonga ubavu, nikanusa ngama, nikatikisa kichwa bila sababu. Nilipomulika tochi tunduni, nikaiona impela, lile gurudumu la pampu lisukumalo maji, imelika kingo kwa changarawe kama meno ya mzee mla tambuu, na kati yake na pete iizungukayo pana mwanya unaopitisha ukucha. Na maji yapenyayo hapo, Ami, ni petroli inayolipiwa bure, na injini yenyewe, V8 iliyotolewa katika gari, hunywa kama ngamia aliyefika kisimani.

Tukaenda kuijaribu katika mto Waimakariri, na mwenyewe, kwa kusikia kwamba mimi ni mtoto wa ukoo wa manahodha, akanikabidhi stelingi. Kona mbili nilizikata kwa heshima. Ya tatu, lilipochomoza fungu la changarawe mbele yetu, nikafanya ambalo ungelifanya hata wewe, yaani kupunguza moto. Na hapo ndipo nilipotambua, wakati elimu haifai tena kitu, kwamba chombo hiki kikiacha kutema maji hakisikii amri ya mtu. Tukapanda fungu, chombo kizima, tukatua juu yake kama kunguru. Mimi nilikuwa nimekwisha tamka shahada mara tatu. Yeye akafungua chupa, akamimina chai.

Tulipokuwa tukichokoa kokoto katika wavu wa tundu, maji ya theluji yakinikata vidole, yeye mwenyewe, bila mimi kufumbua kinywa, akashusha bei kwa dola 1,500, eti huenda pampu imezidi kulika. Nami, niliyeilisha kokoto hizo, nikajihisi mfanyabiashara hodari.

Mama Zuhura auliza sufuria ya biriani itakaa wapi katika chombo ambacho vijana wa huku hukizungusha duara kamili kikiwa mbioni. Ni swali zito, wala sijalipatia jibu.

Basi nakuomba shauri, Ami, shauri la ikhlasi lisilo na upendeleo. Ila likiwa la kukubali, lipeleke kwake moja kwa moja, na tafadhali uliandike tarehe ya Alhamisi iliyopita, kwa kuwa Ijumaa nilipita kwa yule bwana kumrejeshea tu chupa yake ya chai, nikatoka nimemwachia dola 500.

Mwanao mtiifu