Shajara ya Lita Mbili

Jumanne
Maji ya dayalisisi niliyoyaweka tumboni usiku yamegoma kutoka. Yalichuruzika kidogo, yakakatika. Nimejigeuza ubavu huu na ule, wapi. Sababu ni choo: utumbo ukijaa hukandamiza mpira uliopitishwa tumboni, maji yakakosa njia. Dawa ya kulainisha choo imefanya kazi saa nne, maji yakafuata. Nimefika dukani saa tano na nusu. Tajiri ameandika jina langu kwenye daftari la waliochelewa.

Jumatano
Shangazi amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Vijiko vichache, nimeshiba. Lita mbili za maji ya dayalisisi hulibana tumbo la chakula, na glukosi iliyomo, ambayo kazi yake ni kuvuta maji yaliyozidi mwilini, nyingine hupenya kwenye damu na kukata hamu. "Chakula changu kimekukera nini, mwanangu?" Nimemweleza. Kesho atanipakulia maji ya zamani yakishatoka, kabla mapya hayajaingia.

Alhamisi
Kuwashwa. Ngozi haina upele wala ukurutu; mwasho unatoka ndani. Umeanza mgongoni, ukashuka hadi kwenye vigimbi. Miguu nayo haitaki kutulia: nikiilaza, inadai kutembea. Fosfori ikizidi kwenye damu huchangia mwasho, na dayalisisi haiwezi kuiondoa yote. Soda nyeusi wanayonikaribisha dukani imejaa fosfori. Usingizi umekuja baada ya adhana ya alfajiri. Shuka lina madoa ya damu.

Ijumaa
Nimesinzia kwenye kaunta ya vipuri. Mteja ameuliza mbona kijana mzima analala mchana. Haoni ugonjwa: mpira uko chini ya shati, uso haujavimba. Swali hilo limeniuma kuliko mwasho. Mzee akichoka hupewa kiti. Kijana akichoka huitwa mvivu. Nimemuuzia plagi nne.

Jumamosi
Wenzangu wameenda kuogelea. Mimi nimekatazwa bahari kwa ajili ya tundu la mpira. Nimebadilisha maji, nikaweka gazeti nyuma ya mfuko uliotoka. Maandishi yanasomeka. Maji yakiwa na ukungu hayasomeki, na hapo ni kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda utando wa tumbo umeambukizwa.

Jumatatu
Kliniki. Daktari ametazama uzito, presha na majibu ya damu, akasema naendelea vizuri, akaanza kufunga faili. Nikamwambia: nawashwa, miguu haitulii, silali, nachoka, sili. Nimeyataja kwa pamoja kwa sababu huja kwa pamoja. Mwasho na miguu huondoa usingizi, kukosa usingizi huleta uchovu, na mtu aliyechoka hata tonge humshinda. Moja likisimama peke yake huonekana dogo, ndiyo maana sisi vijana tunalimeza. Faili limefunguliwa tena. Ameagiza nipimwe madini ya chuma, maana upungufu wake huchochea miguu isiyotulia. Vidonge vya kuzuia fosfori ameniambia nivimeze pamoja na chakula, visingoje mlo uishe.

Wewe kijana mwenzangu unayetumia dayalisisi ya tumbo, usimjibu daktari "sijambo" kwa mazoea. Mtajie yote kwa mkupuo mmoja, hata yale ya chumbani.