Kwa wenye mabasi ya shule: aliyeshika usukani ni nani?

Waheshimiwa wamiliki na wakuu wa shule, Mpemba na Tunduma,

Mmetujengea shule na watoto wanasoma. Kwa hilo ninawashukuru kwa dhati.

Pale mizani ya Mpemba, lori la shaba kutoka Kongo halipiti mpaka lipimwe. Barabara hiyohiyo, alfajiri, basi dogo linazoa watoto wa chekechea, na dereva hajaulizwa alikotoka. Tukihoji, mnatujibu, "Huyo gari analijua." Sisi tunauliza kama yeye anajulikana.

Leseni daraja C inaonyesha kwamba mtu anaruhusiwa kubeba abiria. Haionyeshi kama aliwahi kufungwa kwa kumdhuru mtoto. Kwa hilo kuna cheti cha tabia njema cha Jeshi la Polisi, kinachotolewa baada ya kupekua alama za vidole. Vijana wetu hukihangaikia wakitaka kazi ng'ambo. Kwa nini tajiri wa ugenini ahakikishiwe, na mama wa Mpemba aambiwe aamini tu?

Tena cheti peke yake hakitoshi. Uingereza, mwaka 2002, mabinti wawili wa miaka 10 waliuawa Soham na mtunza majengo wa shule. Hakuwahi kutiwa hatiani kwa kosa la ngono, lakini polisi wa alikotoka walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa dhidi yake, na shule haikuzipata. Basi pigeni simu kwa mwajiri wa zamani. Ni dakika tano.

Linaloniuma zaidi ni deiwaka. Dereva mliyemwajiri akiugua, au akipata safari yenye hela, anampa rafiki yake funguo, na ninyi mnajua. Baada ya ajali ya basi la shule huko Karatu, Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, mashtaka yaliyofunguliwa yaligusa hata mkataba wa ajira wa dereva. Tangu siku hiyo, nani kati yenu anaweza kusema hakuonywa?

Wazazi wenzangu nao wanaopakia watoto kwenye bajaji ya mkataba, wakiwa na namba ya simu ya kijana tu, wajiulize hayohayo.

Ombi langu: kabla shule hazijafunguliwa Januari, leteni kwenye kikao cha wazazi majina na vyeti vya dereva, mhudumu wa basi na deiwaka. Kama tatizo ni gharama, tutachangia.

Mzazi, Mpemba