Sifa za "Kuliko"

Wamekwisha kutangulia watu walionena kwa ufasaha mwingi juu ya mambo yasiyostahili: Synesius wa Kirene aliusifu upara, Erasmus wa Uholanzi akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1511, na wote wawili wakapata wasikilizaji. Kwa hiyo sioni haya kusimama hapa Mabogini, ukingoni mwa mfereji, penye joto na mbu, chini ya mlima ambao kila mgeni huutazama asitutazame sisi, nikalisifu neno moja dhalili la lugha yetu ambalo halijapata kutungiwa kasida wala kuombewa dua, nalo ni "kuliko".

Nasaba yake haina fahari. Halikushuka jahazini pamoja na "afadhali", ambalo lilitufikia kutoka kwa Waarabu likiwa limekwisha kuvikwa joho la ulinganisho huko huko kwao, maana afdhal ni yule bora aliyewazidi bora wengine. Hili letu limeungwa kwa vipande vitatu vya nyumbani, ku na li na ko, ambavyo vikikutana havidai makubwa, ila kwamba mahali fulani kuna kitu. Mwarabu akitaka kukuza sifa hulifinyanga neno lenyewe, na kabir ikawa akbar. Mwingereza hulitia neno mkia. "Kuliko" haligusi kitu. Mrefu hubaki mrefu na tajiri hubaki tajiri, nalo huketi kimya katikati ya pande mbili kama karani wa kadhi, na kabla hujatahamaki watu wawili waliokuwa wakiamkiana kwa taadhima wamekwisha kuwa mshindi na mshinde.

Utumishi wake katika sentensi hauna kiburi. Hufuatwa na jina tupu: mpunga una faida kuliko mahindi. Hufuatwa na tendo lisilomtaja mtendaji, kama wahenga walivyoonya kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hubeba hata sentensi nzima mgongoni: maji yamepungua kuliko tulivyodhani. Na ukilipa "wote" hukitawaza kitu juu ya ulimwengu mzima pasipo gharama, na kwa njia hiyo kila duka la mchele mjini Moshi huuza mchele mzuri kuliko wote. Hesabu tu ndiyo hulitia uzito. Penye idadi aghalabu huipa kazi "zaidi ya", tukasema magunia zaidi ya 20, wala halioni wivu, labda kwa sababu magunia yanaweza kuhesabiwa na mwongo akajulikana.

Fadhila yake iliyo kubwa, hata hivyo, ni utata. Mzee mmoja wa hapa kwetu, mtu wa heshima zake, alikuwa akimsifu ng'ombe wake wa maziwa mbele ya wageni, mkewe amesimama kando na karai la pumba, akatamka kwa sauti ya kuridhika, "Huyu ng'ombe mimi nampenda kuliko mama watoto." Karai likatua chini. "Kuliko mimi ninavyompenda, au kuliko unavyonipenda mimi?" Mzee akamtazama ng'ombe, akawatazama wageni, akajibu, "Hivyo hivyo, mama watoto." Nauliza, ni neno gani jingine, liwe la Kiarabu au la Kibantu, lingalimpa mume mlango wa kutokea katika saa kama ile? Wanasarufi wenye haraka watasema lugha ingenyooka lau tungalilazimishwa kumaliza sentensi zetu. Hao ama hawajaoa, ama hawafugi.

Wala tusidhani kwamba hulka hii ya kulinganisha ni ya bondeni peke yake. Huko juu mlimani Kilimanjaro, Mawenzi ina mita 5,149, miamba yake ni migumu kupanda kupita ya jirani yake, nayo ingalisimama peke yake ingalikuwa sultani wa nchi; bahati mbaya imesimama karibu na Kibo, yenye mita 5,895, basi ni ndogo, na Wachaga husimulia kwamba ilipokwenda mara kwa mara kuomba moto kwa mwenzake ilipigwa mpaka ikawa na mapengo yale tunayoyaona. Wageni hutoka nchi za mbali wakalipa fedha nyingi na kuumwa vichwa kwa ajili ya Kibo, si kwa uzuri wake, bali kwa kuwa ni ndefu kuliko milima yote ya Afrika.

Wenye inda hunena kwamba neno hili ni mzazi wa husuda, na ushahidi wao unapita hapa miguuni pangu. Mwaka 1987, kwa msaada wa Wajapani, ulikamilika mradi wa kumwagilia mashamba ya Moshi ya chini kwa maji ya mito ya Njoro na Rau: hekta 2,300 kwa jumla, na katika hizo hekta 1,100 za mpunga, zikasawazishwa jaruba kwa jaruba kuanzia hapa Mabogini mpaka Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Ikaletwa mbegu ya IR54, fupi ya shina na karimu ya suke, na hekta moja ikaanza kutoa hata tani 6. Wahandisi walikuwa wamepima mto, wamepima mwinamo wa ardhi, wamepima na saruji, neno hawakulipima. Wakulima wa juu, waliokuwa wakipanda mahindi yao kwa amani, walitazama bondeni wakasema, "Mpunga wa wale unalipa kuliko mahindi yetu," kisha wakachimba mitaro yao, wakafanya majaruba yao, na maji yaliyokusudiwa kuwafikia wa chini yakawa yanafika yamechoka, hata sehemu kubwa ya ardhi iliyosawazishwa kwa fedha nyingi ikakaa pasipo mpunga.

Watu huliita jambo hilo balaa. Mimi naliita elimu. Bwana shamba anahitaji pikipiki, semina na posho ndipo awafundishe watu kilimo kipya. "Kuliko" liliwafundisha wakulima wa mto mzima pasipo posho, na kwa muda mfupi, na hakuna aliyesinzia darasani.

Ili kuzima ugomvi ziliwekwa zamu. Msimamizi wa maji alifungua daftari, akaandika saa badala ya maneno, huyu saa sita na yule saa sita, akiamini kwamba mbele ya tarakimu "kuliko" litakosa pa kukaa. Usiku wa kwanza alibishiwa hodi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Kuna nini?" "Naomba unieleze, mzee wangu, kwa nini saa zangu za usiku ni fupi kuliko zake za mchana." Msimamizi akawasha taa, akalifungua daftari upya.