Sifa za Mgeni Asiyepiga Hodi

Simba wamesifiwa vya kutosha, wafalme vilevile. Leo tumpe haki yake mnyonge mmoja: autorun.inf, kijifaili cha mistari miwili mitatu. Ukiingiza CD au flashi yenye kijifaili hicho kwenye kompyuta ya Windows ya zamani, programu inaweza kuanza yenyewe, wewe hujasema ndiyo wala hapana.

Sifa yake ya kwanza ni mwendo. Huku kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, atokaye Sake kwenda Masisi au Walikale anajua gharama ya kusogea: bariyeri, jeton (kithibitisho kwamba umelipa), halafu bariyeri nyingine. Ripoti ya taasisi ya utafiti IPIS ya Ubelgiji ya mwaka 2017 ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili. Mkaa hulipiwa, na aliyeubeba naye hulipa. Autorun.inf husafiri ndani ya mfuko wa shati la mwalimu, halipi hata faranga moja, na akifika anaanza kazi papo hapo.

Ya pili ni unyenyekevu. Alizaliwa na Windows 95 kwa nia njema kabisa: mnunuzi wa CD asihangaike kutafuta pa kubofya. Wala hahitaji mhandisi. Fungua Notepad, andika autorun ndani ya mabano ya mraba, chini yake andika open=anza.exe, hifadhi kwa jina autorun.inf kwenye CD yenyewe, si ndani ya folda. Umemaliza.

Ya tatu, anafichua tabia za wenyeji wake. Muulize fundi aliyeambiwa atengeneze CD moja ijifungue kwenye kila kompyuta. Windows ya zamani humwachia mgeni nyumba nzima. Mac za miaka ya 1990 zilikuwa na mlango wa namna hiyo kupitia QuickTime, mpaka mwaka 1998 kirusi AutoStart 9805, kilichoonekana kwanza Hong Kong, kikautumia; Mac OS X iliyokuja baadaye haina mlango huo. Linux ikiona autorun.sh, kwa kawaida humuuliza kwanza mwenye kompyuta. Kwa hiyo fundi makini huweka autorun.inf kwa ajili ya Windows na autorun.sh kwa ajili ya Linux, kisha, kwa wote waliobaki, index.html ya kufunguliwa kwa mkono kama zamani.

Ya nne, hana ubaguzi. Mwaka 2005 CD za muziki za Sony BMG zilimtumia kupenyeza programu ya siri kwenye kompyuta za wateja waliolipa pesa zao halali. Mwaka 2008 jeshi la Marekani lilipiga marufuku flashi kwa sababu ya kirusi cha aina hiyo, na mwanzoni mwa 2009 Conficker ilivuruga mtandao wa jeshi la majini la Ufaransa. Kibanda cha kuchapisha pale Masisi-kati kikapata kilekile walichopata wakubwa. Misaada mingapi imewahi kugawanywa kwa usawa namna hiyo?

Ya tano, anatoa ajira. Mwanafunzi anafika kibandani na TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, kwenye flashi. Ikifunguliwa, folda zote zimegeuka njia za mkato, kazi ya mwaka mzima haionekani. Kijana wa kibanda hashtuki. Anaandika attrib -h -r -s /s /d *.* na folda zinajitokeza moja moja. Kisha anatengeneza folda tupu, anaiita autorun.inf. Windows haikubali faili na folda zenye jina moja mahali pamoja, kwa hiyo kirusi kikirudi kinakuta kiti kina mtu. Hiyo anaiita chanjo, na chanjo ina bei yake.

Sifa kubwa nimeiweka mwisho. Koltani ya Rubaya, huko Masisi, hutoa tantalamu inayotunza chaji ndani ya kompyuta. Bati la Bisie, huko Walikale, hushikiza vipande kwenye ubao wake. Kuna miaka ndege zilitua kwenye barabara ya lami pale Kilambo, zikapakia kasiteriti kwenda Goma. Wanakijiji hawakuulizwa sana. Basi autorun.inf akiingia kwenye kompyuta bila kuuliza, anakanyaga mali iliyoondoka kwetu bila kuuliza. Hapo hakuna anayemdai mwenzake adabu.

Mwezi Februari 2011 Microsoft ilisambaza kwa Windows za zamani apdeti ya kuzuia flashi zisijianzishe. Tangu Windows 95, miaka 16 ilipita hadi mashine hizo za zamani nazo zijifunze kumuuliza mwenye nyumba kwanza, na kompyuta isiyo na megabaiti za kupakua apdeti haijajifunza hadi leo. Hata hivyo msiharakishe kumtukana autorun.inf. Kati ya wote walioingia Masisi na Walikale bila ruhusa, ni yeye peke yake aliyewahi kuzuiwa na folda tupu.