Kamati ya Chui

Hapa kwetu Dar es Salaam mtu akionekana amekaa kimya, peke yake, anafanya jambo linalompendeza, ndugu zake huwa na maelezo mawili tu: ama anaumwa, ama ameanza biashara. Kwangu walianza na la kwanza. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutoka Tunduru kutibiwa macho, alinikuta kibarazani nimeinama, brashi mkononi. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

“Mwanangu, una homa?”

“Hapana mama. Nachora.”

“Nani amekutuma?”

“Hakuna aliyenituma.”

Akafikiri. “Sasa watakulipa lini?”

Mimi ni mhasibu. Kutwa nzima nahesabu fedha za watu wengine, na kila shilingi ninayoigusa ina risiti, saini na mtu wa kuniuliza mbona haifanani na ya mwezi uliopita. Nilikuwa natamani kitu kimoja tu katika dunia hii ambacho hakidaiwi ripoti. Ndiyo maana Jumamosi nikawa nakwenda Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga.

Uchoraji huu haukutaki uwe tajiri. Edward Saidi Tingatinga, kijana wa huko huko Tunduru aliyekuja mjini kutafuta maisha, alipoanza kuchora mwaka 1968 alichukua vipande vya bodi na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Chuo cha sanaa hakukiona. Alichora kwa miaka minne, kisha mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu, na waliobaki kuiendeleza kazi ni ndugu na vijana aliokuwa amewafundisha. Mama mkwe alipolisikia jina hilo alikaa vizuri kwenye mkeka. “Huyo ni mtu wetu,” akasema, na tangu siku hiyo akajipa cheo cha mkaguzi wa kazi zangu, macho yake mabovu na yote.

Fundi aliyenifundisha hakuwa na maneno mengi. Unapaka rangi ya chini, unaiacha ikauke. Unachora mnyama, unamwacha akauke. Ndipo unaweka vidoti. Tatizo ni hilo neno kukauka. Rangi ya mafuta haina haraka na mtu. Unaweza kufua, kuanika, kupiga pasi na kuvaa, nayo bado inakushika kidole. Mimi nilichagua chui kwa sababu ya madoa yake, nikiamini kwamba mtu akikosea doa moja, nani atajua?

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeanza. Nikampaka chui wangu rangi ya machungwa iliyokolea, nikamlaza juu ya meza kibarazani, chini ya taa, ili asipigwe na manyunyu. Kila aliyekulia nyumba yenye taa ya nje anajua kinachofuata. Mvua ilikatika saa mbili usiku na kumbikumbi wakatoka ardhini.

Asubuhi nilimkuta chui ana mbawa. Si mbili. Mgongo mzima ulikuwa umefunikwa na vijibawa vyembamba vinavyong'aa, vimelala upande mmoja kwa mpangilio ambao mimi na brashi yangu tusingeuweza. Baadhi ya wenye mbawa hizo walikuwa bado hai, wanajikokota kutoka begani kuelekea mkiani, wakiacha vijia katika rangi. Mmoja alikuwa amefika kwenye jicho na kukata tamaa humo humo.

Mama mkwe aliinama, akaitazama kazi kwa muda mrefu. Nikangoja neno la faraja.

“Mwanangu,” akasema, “hapa umeharibu kitoweo.”

Kwao kumbikumbi hukaangwa na chumvi, na mtu mwenye akili akiwasha taa baada ya mvua huweka beseni la maji chini yake, haweki picha. Akaagiza sahani. Akaanza kuwachagua wale walioangukia mezani bila kugusa rangi, na kila aliyemkuta na rangi alimweka pembeni, kisha akanitazama. Daktari wa macho alikuwa amemwambia haoni vizuri vitu vidogo. Siku ile hakupitwa na hata mmoja. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza na kibanio cha nyusi, nikivuta bawa moja moja.

Wifi yangu alitukuta katika hali hiyo.

Ni lazima nimweleze wifi. Wifi ni katibu. Ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, ni katibu wa kamati za harusi za ukoo mzima, na naamini siku ya mwisho atasimama mlangoni na daftari akiuliza nani hajamaliza ahadi yake. Alimwangalia chui, akaniangalia mimi.

“Wifi, huyu unamuuza bei gani?”

“Simuuzi.”

Akacheka kwa upole, kicheko cha kumwonea mtu huruma. “Sasa unamchorea nini?”

Nikasema nachora kujifurahisha tu. Akavuta kiti. Akaniuliza kama najua kuwa hao wachoraji wa Tingatinga wenyewe walikaa chini mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, chenye uongozi na wanachama. Nilijua, fundi alinieleza. “Basi kama wao wenye sanaa yao walikaa kikao,” akasema, “wewe ni nani uchore peke yako?” Mpaka leo natafuta jibu.

Jioni hiyo simu yangu ilianza kulia. Nilikuwa nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp lililoitwa Sanaa ya Familia, picha ya kundi ni chui mwenye mbawa. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa wifi: “Wapendwa, poleni na majukumu.” Wa pili ulikuwa wa shemeji, aliyeuliza mchango ni kiasi gani. Mchango wa nini, hilo hakuliuliza, wala hakuna mwingine aliyeliuliza. Kufikia saa nne usiku tulikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mimi sikupewa cheo. Nilitajwa kama “msanii wetu”, na nikaambiwa kikao cha kwanza ni nyumbani kwangu Jumapili, wajumbe watakula.

Ajenda ya kikao chochote cha Kitanzania ni ya heshima mpaka unapofika kipengele cha mwisho, kile cha Mengineyo. Katika Mengineyo watu wameshaoza mabinti na wameshauza mashamba. Kwetu ndipo safari ilipozaliwa. Nilifanya kosa la kusema, kwa sauti ndogo wakati naokota vikombe, kwamba natamani siku moja niende kisiwani Mbudya nikae chini ya kibanda cha makuti nichore bahari.

“Na nani?” mwenyekiti akauliza.

“Peke yangu.”

Kikao kikanyamaza. Kisha mweka hazina akaanza kuhesabu vichwa.

Kamati ilichagua tarehe kwa umakini mkubwa. Ilizingatia siku ya mishahara, harusi mbili za upande wa mjomba na mechi ya mpira. Hakuna aliyeuliza mwezi uko wapi. Na mwezi ulikuwa mpevu, maana yake bahari ilikuwa kwenye bamvua, na bahari ya Dar es Salaam wakati wa bamvua huwa haina utani: kati ya kupwa na kujaa, maji hupanda kwa zaidi ya mita tatu. Isitoshe, siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Sisi tulifika pwani ya Kunduchi saa nne unusu, tukiwa tumependeza.

Bahari ilikuwa imekwenda. Boti tuliyoikodi tuliiona, ila mbali sana, na katikati yetu na yenyewe kulikuwa na mchanga, mwani na vidimbwi. Hapo ndipo nilipoiona thamani ya kamati, niseme ukweli. Dakika chache tu msafara ulikuwa umepangwa. Sufuria la pilau lilitangulia na vijana wanne. Nyuma yake alifuata mama mkwe, amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichobebwa mabegani, mwavuli mkononi. Kisha spika ya shemeji, kisha watoto, kisha majirani wawili ambao hakuna aliyekumbuka kuwaalika, na mwisho kabisa mimi na bodi yangu. Nahodha alitusubiri mikono kiunoni.

“Mnahama?” akauliza.

Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na kuna kiingilio. Wifi alimweka mhifadhi kando akamfafanulia tofauti kati ya watu na kikundi. Mhifadhi alimsikiliza kwa adabu, akatutoza kama watu. Baadaye alimsimamisha mtoto wa shemeji aliyekuwa anatembea kwa shida, akamwambia atoe makombe mfukoni ayarudishe yalikotoka. Yalitoka mengi mpaka suruali ikapanda.

Kuhusu pilau lile, lililovuka bahari kwa jasho la vijana wanne: kisiwani wanakaanga samaki. Wanamkaanga mzima, na viazi, na ndimu pembeni, na harufu yake inafika kwenye vibanda vyote bila ubaguzi. Watoto waliinusa mara moja, wakakataa pilau. Watu wazima walikaa nalo kwa dakika kumi kwa ajili ya heshima.

Mimi nilitafuta kivuli, nikafungua rangi zangu, nikageuka kuchukua bodi. Haikuwepo. Niliikuta kwenye kibanda cha wanawake, imelazwa juu ya mapaja ya jirani, juu yake kuna vitunguu, nyanya na pilipili. Kamati ilikuwa imesahau ubao wa kukatia.

“Dada, hii kitu imekuja vizuri,” jirani akaniambia, kisu kinakwenda. “Pana, haitelezi. Umenunua wapi?”

Kachumbari ilikuwa tamu. Rangi ya mafuta haishiki juu ya majimaji ya nyanya, kwa hiyo siku hiyo sikuchora bahari wala mashua. Jioni maji yalikuwa yamejaa mpaka juu, boti ikatujia ufukweni kabisa, na upepo ukaturudisha Kunduchi tumelowa kiasi kwamba hakuna aliyejua nani amelia.

Unadhani hapo kamati ilivunjwa. Kamati ya Kiswahili haivunjwi, hubadilishiwa jina. Ikawa Kamati ya Uzinduzi. Chui, ambaye sasa alikuwa amekauka na kupata madoa yake yote (mbawa tatu zilinishinda, nikazigeuza kuwa masharubu), angezinduliwa rasmi sebuleni kwangu. Yakaja maturubai, vikaja viti vya kukodi, akaja mpishi wa shughuli na masufuria yake, na mgeni rasmi akawa mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa.

Kadi ilisema saa nane. Mgeni rasmi aliingia saa kumi na moja, na kwa saa tatu hizo hakuna aliyeweza kwenda chooni. Wifi alikuwa amefunga utepe mwekundu kwenye korido, mbele ya picha, na utepe ukishafungwa haupitwi mpaka ukatwe. Nilimwambia korido hiyo ndiyo njia ya msalani. Akasema itifaki ni itifaki. Wanaume wakaanza kutoka nje mmoja mmoja kwenda “kupokea simu”. Mama mkwe alingoja kidogo, akainuka, akainama chini ya utepe akapita zake. “Itifaki nimeizaa mimi,” akasema.

Mgeni rasmi alikata utepe, akakaribia kukanyagwa na wageni waliokuwa wanangoja tukio hilo kwa sababu zao. Hotuba yake ilimgusa chui kwa sentensi mbili, kisha ikahamia kwenye mitaro ya maji machafu na ada ya taka, akitaja nyumba zinazodaiwa. Yetu ilikuwemo.

Halafu wifi akatangaza mnada.

Mjomba alianza na elfu ishirini. Shemeji akapanda thelathini. Mtu wa nyuma akasema elfu arobaini na kuku. Watu wakageuka kumwangalia baba watoto, ambaye alikuwa amekaa karibu na mgeni rasmi na hakuwa na pa kujificha. Yeye ni mtu mtulivu. Chui huyo alikuwa anampita kila siku akienda kuoga, na sijawahi kumsikia akimsemesha. Lakini mama yake alikuwa anamtazama, na dada yake ameshika kalamu.

“Laki mbili!” akasema baba watoto, amesimama.

Vigelegele vikapigwa. Mimi nilimwangalia, naye akaniangalia, na sote wawili tukaiona Januari na ada ya shule. Mume wangu alikuwa amenunua, kwa fedha zetu, picha yangu, iliyokuwa ukutani kwetu. Nikiwa mhasibu nilijaribu kuiandika kichwani hiyo hesabu, upande gani inaingia, upande gani inatoka, na hapo hapo LUKU ikaisha, kwa sababu hela ya umeme ilikuwa imelipia viti. Sebule nzima ikawa giza. Nikasikia kalamu ya wifi inamalizia sifuri ya mwisho.

Ahadi haijalipwa mpaka leo. Kikao kiliketi, kikaamua kwamba chui ahifadhiwe kwa katibu kama dhamana, na sasa yuko sebuleni kwa wifi, Mbagala, juu ya televisheni. Nikitaka kumwona napanda daladala. Nikifika nasaini kitabu cha wageni, jina, ninakotoka, sababu ya kuja. Kuna na safu ya maoni. Mama mkwe alipitia huko kabla ya kurudi Tunduru na macho yake mapya, akamwandikisha mjukuu maoni yake kwa herufi kubwa: CHUI AMEKONDA. MPENI KUMBIKUMBI.