Namna ya Kuhamia Nyumba ya Bibi Bila Kuiua

Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mtu mzima, na mtu mzima havamiwi. Huamkiwa, huulizwa hali, husikilizwa anapolalamikia miguu, ndipo hutafutiwa dawa. Mume wangu alipokabidhiwa ufunguo wa nyumba ya bibi yake, ghorofa mbili na paa la mabati juu yake, fundi wa kwanza aliyekuja alibeba nyundo. Wa pili alikuja mikono mitupu, akakaa barazani, akaomba maji ya kunywa, akauliza: "Nani aliishi humu, na mvua inaingilia wapi?" Huyo wa pili ndiye tuliyefanya naye kazi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia yoyote iliyorithi nyumba ya namna hii na ina haraka ya kuhamia.

Hatua ya 1: Piga hodi wakati wa mvua

Usiende kuikagua nyumba siku ya jua, maana siku ya jua kila nyumba ni nzima. Nenda masika, mvua inaponyesha kwa hasira, na uende na watoto. Kila mtoto mpe kipande cha chaki. Kazi yao ni moja: popote tone linapoanguka, wachore duara na kuandika tarehe. Wetu walichora maduara kumi na manne siku ya kwanza. Mdogo wao aligundua tone lililotuponyoka sisi wakubwa, nyuma ya mlango wa chumba cha juu, kwa sababu yeye ndiye aliyelala chali sakafuni akilisikiliza.

Maduara yale ndiyo yaliyokuwa ramani yetu. Ukishaijua njia ya maji, umeujua ugonjwa. Rangi iliyobanduka, lipu iliyovimba na harufu ya ukungu ni dalili tu, na dalili hazitibiwi.

Hatua ya 2: Ujue mwili wake

Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi ni nusu mita au zaidi. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu. Juu ya boriti kuna mawe, na juu ya mawe kuna zege la chokaa lililopigwa kwa vipande vya miti hadi likashikana.

Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba. Boriti ya mkoko haina urefu wa kuvuka chumba kipana, ndiyo maana upana wa chumba hauzidi sana mita 3. Mti ndio uliompimia mwashi. Kwa hiyo akija shemeji mwenye mapenzi mema na kusema, "Ukuta huu vunjeni, mpate sebule kubwa," mshukuru, mkaribishe kahawa, kisha muoneshe vichwa vya boriti vilivyolala juu ya ukuta huohuo. Ukiuondoa, ghorofa ya juu itashuka kukuamkia.

Hatua ya 3: Omba ruhusa, na uiombe kwa moyo

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huu ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wapo wanaoona kibali cha Mamlaka hiyo kuwa usumbufu. Mimi nakiona kama kumuuliza jirani kabla ya kuchimba kando ya ukuta wake, kwa sababu huku kuta zinaegemeana. Nyumba yako ikianguka, haianguki peke yake.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Tangu siku ile, kila ninapopita mbele yake pale Forodhani nakumbuka kwamba nyumba kuukuu huwa hatarini zaidi pale inapoguswa. Pima kila ukuta kabla ya kuugusa. Dari yoyote inayofanyiwa kazi iwekewe miti ya kuitegemeza kwanza, hata kama fundi amekuapia kuwa haitikisiki.

Hatua ya 4: Anza na kofia

Kazi ianzie juu ishuke chini. Usipake rangi chumba cha chini wakati paa linavuja. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na paa bapa la chokaa, na mabati yakaja kuongezwa baadaye. Kagua mabati, misumari yake, na hasa mahali paa linapokutana na ukuta. Zibua mifereji ya paa, maana jani moja la mwembe likikwama, maji yote hugeukia ukutani.

Angalia pia vijiti vinavyoota kwenye nyufa za juu. Mtini mwitu wa urefu wa kidole ni mzuri kutazama, na watoto wangu walitaka tuuache. Lakini mizizi yake inapenda chokaa, na ikishanenepa hupasua mawe. Ung'oe ukiwa mchanga, mzizi na yote. Ukishakuwa mkubwa usiuvute, kata shina, uue mzizi taratibu, kisha ujaze pengo.

Hatua ya 5: Vua saruji, vika chokaa

Ukifuata hatua moja tu ya mwongozo huu, fuata hii.

Ukuta wa chini wa nyumba yetu ulikuwa umepigwa lipu ya saruji hadi kiunoni. Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema, aliona unyevu akataka kuuzuia. Mzee wetu wa uashi aliupitisha mkono, kisha akagonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Chini palilia kama debe tupu. Juu ya saruji, mahali chokaa ya zamani ilipokuwa, palilia mlio mzito, mfupi. Akasema: "Mwanangu, hapa chini ukuta umefungwa mdomo, ndiyo maana unatokwa na jasho kichwani." Kweli, unyevu ulikuwa umepanda hadi usawa wa macho, juu kuliko saruji yenyewe.

Sababu ni rahisi. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua: unanyonya unyevu na kuutoa. Saruji haipumui. Maji yakifungiwa nyuma yake hutafuta njia nyingine, hupanda, na yanapokauka huacha chumvi, nayo chumvi ikivimba husukuma lipu mpaka ianguke. Kila mtu anaijua methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba hizi, ukiziba ufa kwa saruji utajenga ukuta vilevile.

Tuliibandua saruji yote kwa patasi, kidogo kidogo, bila kulipiga jiwe. Kisha ukuta ukaachwa wazi kiangazi kizima ukauke. Wageni waliokuja walitutazama kwa huruma. Acheni wawatazame.

Chokaa nayo ina adabu zake. Mawe huchomwa katika tanuri, na chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto, kwa hiyo watoto wakae mbali na fundi akinge macho. Ikiruka jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali. Chokaa iliyokwisha kuzimwa huhifadhiwa chini ya maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, hata ikawa kama siagi. Kipimo chetu kilikuwa ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga usio na chumvi. Lipu iwe nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lisubiriwe. Chokaa hairudii ujiwe wake kwa kukauka tu, huurudia kwa kuvuta hewa ya ukaa taratibu. Ndiyo maana asubuhi na jioni tulininginiza magunia mabichi mbele ya ukuta, zamu kwa zamu, kama familia inayomuuguza mgonjwa wa homa.

Hatua ya 6: Chunguza vichwa vya boriti

Boriti huoza mara nyingi pale isipoonekana, kwenye kichwa kilichozama ukutani. Chukua bisibisi, panda ngazi, uibonyeze boriti karibu na ukuta. Ikikataa, ipo hai. Ikiingia kama ndani ya mkate uliolowa, imekufa, hata kama katikati yake inang'aa. Kati ya boriti thelathini na moja za chumba cha juu, tisa zilikuwa hivyo, na zote tisa zilikuwa juu ya maduara ya chaki.

Zibadilishe moja baada ya nyingine, usizitoe zote kwa pamoja. Mikoko haikatwi bila kibali, nayo ndiyo inayoshika fukwe zetu, kwa hiyo sehemu ya boriti iliyo nzima usiitupe. Mbili kati ya zetu zilikuwa zimeoza upande mmoja tu. Fundi alizikata akazipeleka kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma, nazo zinaendelea na kazi.

Hatua ya 7: Maji safi na maji machafu

Hapa nitasema machache. Vyoo viwe kimoja juu ya kingine, ghorofa kwa ghorofa. Mabomba yapite nje ya ukuta mahali yanapoonekana, maana bomba lililofichwa likivuja utajua baada ya mwaka. Nyaya zote za zamani zitolewe, na fundi umeme awe mwenye leseni.

Hatua ya 8: Mpe kila mtu kitu kimoja cha kulinda

Nyumba ya urithi ina wenyewe wengi, hata kama ufunguo ni mmoja. Mikutano yetu ya familia ilikuwa mirefu mpaka mama mkwe alipotoa shauri: kila mtu achague kitu kimoja ambacho hakitaguswa. Mume wangu alichagua mlango wa mbele wenye nakshi. Binti yetu mkubwa alichagua vidaka vya ukutani katika chumba cha bibi, ambavyo sasa vimejaa vitabu vyake vya skuli. Mimi nilichagua dirisha la ngazini.

Mama mkwe alichagua baraza. Tulikuwa tumepanga kuivunja tupate mahali pa pikipiki. Akasema, "Mama alikuwa akikaa hapa kila alasiri. Kila aliyepita alimpa shikamoo, na yeye alijua nani mgonjwa, nani ana msiba, nani hajala." Baraza ikabaki, ikapigwa lipu upya ya chokaa. Pikipiki inalala ukumbini.

Hatua ya 9: Hamia kabla hujamaliza

Nyumba ya mawe haimalizwi. Kila mwaka inataka kupakwa chokaa, kuzibuliwa mifereji, kugongwa kwa kifundo cha kidole na kusikilizwa. Ukisubiri imalizike hutahamia kamwe. Hamia ikiwa na kofia kavu, dari salama na choo kinachofanya kazi. Yaliyobaki utayatengeneza ukiwa ndani, na mtu anayeishi ndani husikia mapema.

Sisi tulihamia mwezi wa Februari. Masika ya kwanza ilipofika, mvua ikashuka usiku, na sote tukaamka bila kuitana. Watoto walichukua chaki na kupita chumba kwa chumba. Waliporudi, mdogo wao alinishika mkono akanipeleka kwenye kona ya ukumbi wa nyuma. Alikuwa amechora duara moja, na tarehe.

Tuliliangalia tone lile pamoja, kisha tukatazama juu. Hakuna aliyeuliza linatoka wapi, kwa sababu kila mmoja wetu, pamoja na yeye, alijua: msumari wa tatu kutoka mwisho wa bati la kaskazini. Asubuhi mvua ilipokata, baba yake alipanda na nyundo.